Kiacholi cha Kupanda Mlima

Naguru, Kampala
11 Februari 2024

Mwanangu Lanyero,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi ni mzima ukiondoa magoti, na baba yako ni mzima ukiondoa kichwa. Wewe je? Kile kifua kilichokusumbua na baridi ya Nairobi kimepona? Unakula? Usinijibu kwamba umekunywa chai. Nimeuliza kula.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei, tunagombana. Kabla sijamaliza kusema, wewe una jibu tayari, na jibu lako ni refu. Karatasi hainikatizi. Akot, jirani yetu, mke wa yule koplo, ataipiga picha akutumie.

Sasa sikiliza. Ulipokuja Krismasi ukatuambia mambo ya chuoni kwako, kwamba mtu akitembea kwa bidii ubongo wake hupata nguvu na kumbukumbu hurudi, mimi nilikuamini. Nikaacha kibanda changu cha vitunguu pale soko la Nakasero mikononi mwa watu ili nimtembeze baba yako. Kila asubuhi tunapanda mlima mpaka kwenye matangi ya maji, halafu tunashuka. Anatembea vizuri, hilo siwezi kukataa. Anakwenda kama yuko paredi, kifua mbele, mimi nyuma nahema. Tukifika nyumbani ananiuliza kama amekunywa chai, na kikombe anacho mkononi.

Na kuna jambo jingine ambalo kwenye simu hukunipa nafasi nilimalize. Kiswahili kinamtoka. Kwanza yalipotea maneno madogo, kijiko, taulo, kitasa. Sasa anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaimalizia kwa Kiacholi, na siku nyingine Kiswahili hakionekani kabisa. Wewe unajua nyumba hii ilivyojengwa. Mimi Mbukusu wa Bungoma, yeye Mwacholi wa Kitgum. Alikuja kibandani kwangu na sare yake ya polisi akasema, "Mama, kitunguu hii ni bei gani?" na mimi nikamcheka mpaka akasahau kununua. Kiswahili ndicho kilichotuozesha. Tulikuleeni ninyi kwa Kiswahili, tukagombana kwacho, tukapatana kwacho. Kiacholi nilikiacha kwa ndugu zake, na yeye Kibukusu alikiacha kwa ndugu zangu. Hakuna aliyelalamika.

Leo asubuhi aliniambia kitu kirefu, akanitazama akingoja jibu. Nikamjibu "ndiyo". Akakasirika. Sijui nilikubali nini.

Baba yako mdogo Ojara amepiga simu kutoka Kitgum. Anasema mji ndio unaomharibu kaka yake, anataka kuja kumchukua. Nilimwambia mtu hachukuliwi kama gunia.

Niambie, hiyo kumbukumbu inarudi lini?

Mama yako,
Nabangala

Nairobi
25 Februari 2024

Mama mpendwa,

Nimeipata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Mimi sijambo, kifua kimepona, na ninakula. Jana nilikula ugali na sukuma wiki kwa mama mmoja wa Busia, nimekuwekea shahidi. Baba hajambo? Magoti yako unayapaka ile dawa?

Mama, naomba usivunjike moyo mapema. Ngoja nikueleze vizuri, maana siku ile ya Krismasi kila mtu alikuwa anapiga kelele. Ndani ya ubongo, pande zote mbili, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iliyojikunja. Sisi tunaiita hipokampasi. Jambo jipya likiingia, sehemu hiyo ndiyo inayolipokea na kuliandaa likae. Uzee huipunguza kidogo kidogo, na ugonjwa wa Baba huipunguza haraka. Mtu akitembea mpaka moyo ukaenda mbio, damu nyingi hufika huko juu, na mwili hutoa kemikali fulani inayozilisha chembe za ubongo, kama samadi kwenye shamba. Wako wazee waliotembea kwa mwaka mzima, na walipopimwa, sehemu ile ilikuwa imeongezeka kidogo badala ya kupungua. Ndiyo maana nasema muendelee.

Lakini lazima iwe kutembea kwa kweli. Akot ameniambia kwamba mnasimama kila kona kusalimia watu. Mama, ukisimama, moyo unapoa. Mwambie Baba asisimame. Na ikiwezekana mpande kwa kasi zaidi.

Kuhusu Kiswahili, nadhani ni kawaida kwa wagonjwa kama yeye, lugha ya utotoni hubaki ya mwisho. Natamani ningekuwa na Kiacholi cha kukusaidia. Mimi mwenyewe nikitoka kwenye salamu nakwama.

Usimruhusu Baba mdogo Ojara amchukue. Akiondolewa kwenye mazingira aliyoyazoea atazidiwa.

Mwanao,
Lanyero

Naguru
17 Machi 2024

Lanyero,

Sisi wazima. Natumaini na wewe ni mzima.

Unaniambia nisisimame kusalimia watu. Mimi, Naguru hii, nimpite mama Dawudi mlangoni kwake kama nimeiba kuku? Baba yako aliwafundisha nusu ya polisi wa kambi hii kushika bunduki. Wakimpigia saluti anasimama, na wakati huo pekee uso wake unakuwa wa mtu anayejijua. Nimwambie asisimame kwa sababu ya kasi ya moyo? Njoo umwambie wewe.

Ojara hakungoja ruhusa ya mtu. Amekuja wiki hii. Alileta siagi ya simsim, ule ufuta wa kwao, akaketi karibu na kaka yake, wakaanza kuongea. Mwanangu, baba yako alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo. Aliongea, akaonyesha kwa mikono, akapiga goti lake, Ojara akafuta machozi. Mimi niliwamiminia chai, nikakaa kwenye kile kiti cha mlangoni, nikawatazama vinywa kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikamwuliza Ojara, "Anasema nini?"

"Mambo ya zamani, shemeji."

"Mambo gani?"

"Ah. Kwa Kiswahili hayachekeshi."

Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani. Akasita, akasema, "Shemeji, usinikasirikie. Ameniomba nimpeleke nyumbani. Anasema hapa yuko mwanamke mzuri anayempikia, lakini hawaelewani."

Umesikia? Mwanamke mzuri anayempikia. Nimezaa naye watoto watatu, nimemzika naye mmoja, nimehama naye kambi baada ya kambi na godoro kichwani. Leo mimi ni mwanamke mzuri anayempikia.

Ojara atarudi mwezi wa saba, wakishavuna, na safari hiyo atakuja na gari. Ningemkataza vipi? Mtu anaomba kupelekwa mahali anapoeleweka.

Tafadhali usiniandikie tena habari za ubongo. Nimetembea mpaka viatu vimetoboka. Huyu mtu hakumbuki hata jina langu, na wewe unataka kujua kama alitoka jasho.

Mama yako

Nairobi
2 Aprili 2024

Mama,

Pole. Pole sana. Nilishindwa kukujibu upesi kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa somo, na umeniambia hutaki somo. Mimi nina afya. Wewe na Baba mnalala vizuri?

Nitakwambia ukweli kama ulivyo. Tafiti zile nzuri nilizokutajia ni za wazee wazima. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeshamwingia, kutembea kunamsaidia mwili na usingizi, hasira zinapungua, na wengine wanabaki na uwezo wao kwa muda zaidi. Lakini sijakuta popote mtu aliyerudishiwa kwa miguu kile kilichokwisha kupotea. Nilitaka Baba awe wa kwanza.

Mimi pia nimechoka, Mama. Wazee ninaowatembeza kwa ajili ya utafiti wangu wanaacha mmoja baada ya mwingine. Mzee Guerschom, Mkongo mmoja tuliyempenda wote, ameniambia kwamba anatembea akienda kununua mkate, haoni sababu ya kutembea mara ya pili ili mimi nipate shahada.

Sasa nakuomba jambo, na usiitupe simu ya Akot. Tunamwangalia Baba peke yake. Mlimani mnapanda wawili. Ubongo wako wewe ni mzima, na umekuwa ukitembea tangu Krismasi. Jifunze Kiacholi.

Najua utasema umezeeka. Lakini kama kuna kichwa katika nyumba hiyo ambacho mlima unaweza kukisaidia kushika jambo jipya, ni chako. Akot ni Mwacholi, na mnatenganishwa na ukuta tu. Chukua maneno machache kwa wakati mmoja. Jifunze mkiwa mnapanda, au mkisharudi, jasho kabla halijakauka. Kesho yake uyarudie. Usikae kwenye kiti kuyakariri.

Baba haji tena upande wetu, Mama. Labda wewe unaweza kwenda upande wake.

Mwanao,
Lanyero

Nairobi
12 Mei 2024

Mama,

Hamjambo? Sijapata barua. Nikipiga simu unasema "tuko salama" halafu unakata. Akot naye anasema nikuulize wewe. Kama nilikuudhi, nikasirikie kwa maandishi.

Mwanao,
Lanyero

Nairobi
9 Juni 2024

Mama,

Mimi ni mzima, asante kwa kuuliza.

Ni miezi miwili sasa. Sijui Baba anaendeleaje, sijui kama Baba mdogo Ojara bado anakuja, sijui kama mnatembea au mmeacha. Siwezi kutoka hapa kabla ya Desemba, na unajua hivyo. Ulisema karatasi haikukatizi. Basi andika. Hata kama ni matusi.

Lanyero

Naguru
4 Agosti 2024

Mwanangu Lanyero,

Salamu nyingi, na pole kwa kimya. Sote tuko hai. Baba yako amekonda kidogo lakini anakula. Magoti yangu yananiuma nikishuka, nikipanda hayaumi, sijui kwa nini, na usinieleze.

Nilipoisoma barua yako ya mwezi wa nne, ile Akot aliyoninakilia kwenye karatasi, niliikunja nikaiweka chini ya sufuria. Nilisema moyoni, huyu mtoto amesoma mpaka akapotea. Dawa ya mume imeshindwa, sasa anataka ninywe mimi. Eti nianze lugha uzeeni, nikiimbishwa pii, pii, maji, kama mtoto wa chekechea. Nilikataa.

Halafu siku moja baba yako aliamka akisema neno moja, analirudia, analirudia. Nilimletea maji, akayasukuma. Nikamletea uji, akautupa ukutani. Nilimfokea, Lanyero. Nilimfokea kwa Kiswahili na yeye akanifokea kwa Kiacholi mpaka Akot akaja mbio. Akamsikiliza mara moja tu, akanigeukia. "Mama, jino linamwuma."

Jino. Alikuwa akiumwa jino tangu kulipokucha, ananiambia waziwazi, na mimi nampa uji wa moto.

Kesho yake nilimwambia Akot, "Utapanda nasi. Na utanifundisha."

Mwanzo ulikuwa aibu. Nilijifunza kwenye kiti kwanza, kwa ukaidi tu, kwa sababu ulisema nisikae. Nikaandika maneno kwenye karatasi, nikaketi barazani kuyakariri. Ikifika jioni Akot akiniuliza, yamekwisha kama sukari kwenye chai. Nikawa najipiga kichwani. Basi tukajaribu ya kwako. Akot ananipa maneno tukiwa tunapanda, nayasema kwa pumzi iliyokatika, baba yako mbele anapiga mguu wake wa paredi, wakati mwingine anageuka na kunisahihisha kama kuruta. Na yale yakakaa. Si yote. Lakini kesho yake nikiamka nayakuta, na wiki inayofuata nayakuta tena.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungefurahi, na mimi nilikuwa bado nimekasirika. Tena sijui kama ni mlima. Labda ni Akot, anafundisha vizuri. Labda ni lile jino. Wewe ndiye msomi, amua mwenyewe.

Kuna maneno mawili nataka nikwambie. Muda mrefu baba yako amekuwa akisema "wiya owil". Anasema akiwa ameshika mlango, akiwa amesimama chumbani, akinitazama. Mimi nilidhani anataja mtu, au anatukana. Nilimwuliza Akot tukiwa katikati ya mlima. Akasimama. Akasema, "Mama, maana yake ni nimesahau. Kwetu tunasema kichwa changu kimesahau."

Nilikaa chini pale pale kando ya barabara. Boda zinapita, watu wananitazama. Lanyero, nilikuwa nikijituliza kwamba angalau yeye hajui kinachompata. Kumbe anajua. Alikuwa ananiambia kila siku, na mimi namjibu "ndiyo".

Ojara alikuja na gari kama alivyosema. Alifika Ijumaa moja ya mwezi wa saba, na jamaa mmoja dereva. Nilikuwa nimeshafunga begi la baba yako, nisikufiche. Nilikuwa nimefua mashati yake yote. Nilijua maneno kiasi, lakini maneno kiasi hayamfanyi mtu kuwa mke. Nikamwambia Ojara, "Asubuhi hatuachi kupanda. Panda nasi kwanza, halafu mwondoke."

Tukapanda wanne, Akot akiwemo, dereva akabaki na gari. Tulipofika kwenye matangi baba yako akasimama, akatazama chini mjini, akaanza kuhangaika na vifungo vya shati. Akasema, "Wadok gang." Turudi nyumbani.

Ojara akanigeukia kwa upole, maana si mtu mbaya. "Umesikia, shemeji? Ndiyo hayo. Anataka Kitgum."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamshika baba yako mkono nikamwuliza kwa Kiacholi changu kilichovunjika, "Gang tye kwene?" Nyumbani ni wapi?

Akanitazama kama mtu anayeulizwa njia na mgeni. Akanyoosha kidole. Hakunyoosha kaskazini. Alinyoosha chini, kwenye mabati ya Naguru, upande wetu. Akaongea, na safari hii nilisikia karibu yote, neno moja tu ndilo Akot alinisaidia. Alisema nyumba yake ni ile pale. Mke wake yuko huko. Si Mwacholi, ametoka mbali, ana maneno mengi huyo mwanamke. Chai itapoa. Akichelewa atamgombeza, na yeye hapendi kuchelewa kwa sababu mke wake huwa na hofu askari akichelewa, tangu zamani za vita.

Ojara alivua kofia. Akaishika mkononi mpaka tukafika chini.

Baba yako alinishukuru kwa kumsindikiza. Akaingia ndani, akachungulia jikoni, akachungulia chumbani, akarudi akaniuliza mimi, "Mke wangu yuko wapi?"

Nimejifunza lugha ya mtu uzeeni, mwanangu, nikavunja magoti, ili nimsikie akinitafuta huku nimesimama mbele yake. Kuna dawa ya hilo huko chuoni? Nilikasirika mpaka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilimwambia, kwa lugha yake, kaa chini, chai ipo, anakuja. Akakaa. Akanywa.

Ojara aliondoka na dereva wake na gari tupu. Pale mlangoni aliniambia, "Shemeji, mimi nilimsikia vibaya. Nilisikia neno nyumbani, sikuuliza ni ipi." Atakuwa anakuja kukaa naye kila akipata nafasi, wacheke. Siku hizi nikikaa kwenye kile kiti cha mlangoni nasikia kidogo wanachocheka. Alisema kweli, kwa Kiswahili hakichekeshi.

Usiandike chuoni kwako kwamba nimepona, au baba yako amepona. Hakuna aliyepona. Kiswahili chake kimekwisha. Kiacholi nacho kina mashimo, hata Akot siku nyingine hamwelewi. Najua nakimbilia lugha ambayo nayo inaondoka. Kesho tutapanda.

Mama yako,
Nabangala

Nairobi
1 Septemba 2024

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa maabara, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mimi ni mzima. Nakuomba uyapumzishe magoti siku za mvua.

Sitaandika popote. Ila nilimsomea Mzee Guerschom kipande kile cha matangi ya maji, na kwa Kiswahili chake cha Goma alikielewa chote. Jumatatu alikuja amevaa raba za kutembelea.

Nimekata tiketi ya basi, nafika katikati ya Desemba. Mama, naogopa. Juzi nilipopiga, Baba alimrudishia Akot simu, naye akanitafsiria kwamba Baba hamjui mtu huyo. Je, nikija atanijua? Niongee naye vipi, na mimi Kiacholi sina?

Mwanao,
Lanyero

Naguru
15 Septemba 2024

Mwanangu,

Tuko wazima, mvua zimeanza, mlima una utelezi na tunapanda taratibu.

Hatakujua. Ni afadhali nikwambie sasa ulie huko huko, ukifika uwe umemaliza. Na ukishaingia usimwulize, Baba unanikumbuka? Kila mgeni anamwuliza hivyo, naye anaona aibu, anainamisha kichwa kama mtoto aliyefeli mtihani mbele ya darasa.

Mpe mkono. Mwambie, "An Lanyero, nyari." Mimi Lanyero, binti yako. Lisemeseme njiani ukienda chuoni, kwa miguu, usipande gari. Akikuuliza kitu usichokielewa usimjibu "ndiyo". Nigeukie mimi. Nitakuwa karibu, nitakwambia amesema nini.

Mama yako,
Nabangala